Nilivyompatia Luteni Baba

Pilar aliponipigia simu kunieleza kwamba baba yake, Don Anselmo, ameaga dunia, nilikuwa jikoni nakata sukuma wiki, na neno la kwanza lililonitoka lilikuwa la kipuuzi: nilimwuliza kama mzee alikuwa amekula. Pilar hakushangaa. Alisema ndiyo, alikula mkate na parachichi, akanywa chai yake ya saa kumi na moja, akaegemea kiti akasinzia, ikawa ndiyo basi. Alikuwa na miaka themanini na minane. Nilizima jiko nikaketi sakafuni pale pale, mtu mzima na mvi zangu, nikalia hadi mume wangu akaja kuuliza ni nani amekufa kwetu Nakuru. Hakuna aliyekufa Nakuru. Alikuwa amekufa mzee wa Chile niliyemfanyia kazi mwaka mmoja tu, nikiwa na miaka ishirini na minne, na mpaka leo sijui nimweleze mtu vipi alikuwa nani kwangu. Watu wakiniuliza nilijifunza wapi kutunza nyaraka za kale, kazi inayonilisha sasa, huwa nawatajia chuo kwa kuwa jibu hilo ni fupi. Kweli yenyewe ni kwamba nilijifunza kwenye meza ya jikoni, ghorofa ya kumi na moja, pale Jane na Finch, mtaa wa Toronto, mwaka 2005, na nilijifunza kwa kumkosea.

Nilikuwa nikiishi na binamu yangu Njeri ghorofa ya nne ya jengo hilo hilo. Njeri alipanga mizigo kwenye ghala moja kule Malton, karibu na uwanja wa ndege, mabasi mawili kwenda na mawili kurudi. Mimi nilikuwa nasoma chuo kikuu kilicho vituo vichache tu kutoka kwetu. Siku moja ya Januari nikiwa chumba cha kufulia, nangojea mashine imalize kuzungusha mashuka yetu, niliona karatasi imebandikwa ukutani, herufi zake zikitetemeka kiasi kwamba nilidhani ni mtoto aliyeandika. Ilisema: natafuta mtu mwenye mwandiko mzuri na subira. Chini yake namba ya mlango. Nikampelekea Njeri habari. "Mwandiko unao," akasema bila kuinua macho kwenye sahani yake ya githeri, mahindi na maharagwe ya kwetu. "Hiyo subira sasa utaomba nani? Mimi ni off duty, usiniangalie." Nikapanda lifti bado nacheka.

Mlango ulifunguliwa na mzee mfupi aliyevaa tai ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mikono yake ilitetemeka, na alipoona nimeitazama akaificha mifukoni, akanikaribisha kwa kichwa. Kwao Chile alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mpaka wanajeshi walipompindua rais, wakamtoa darasani mbele ya wanafunzi wake, wakamfunga miezi saba. Alipoachiliwa alikuja Toronto na mkewe Elena na Pilar akiwa mdogo, akasafisha ofisi za watu katikati ya mji hadi alipostaafu. Hayo yote alinieleza siku ya kwanza kwa sentensi nne, akafunga mada. Elena alikuwa amefariki miaka miwili kabla, lakini aproni yake ilikuwa bado imetundikwa nyuma ya mlango wa jikoni na hakuna aliyethubutu kuitoa. Tulizungumza Kiingereza, ambacho sote wawili tulikuwa tumekiazima, kwa hiyo hakuna aliyemcheka mwenzake. Saa kumi na moja kamili kalamu ziliwekwa chini. Alibanika mkate kwenye waya juu ya jiko, akaponda parachichi kwa chumvi, akamimina chai, na ole wako utaje kazi kabla vikombe havijaoshwa. Jumatano alipika maharagwe, mahindi na boga katika sufuria moja. Nilipoonja mara ya kwanza nilimwambia hiki ni chakula cha kwetu, wamekiiba. "Nyinyi ndio wezi," akajibu. "Mahindi yametoka kwetu." Tulibishana hadi chai ikapoa, nami niliposhuka ghorofa ya nne nilijua kwamba nimepata kwetu kwingine.

Kazi yenyewe ilikuwa askari mmoja, aliyekufa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Luteni Eusebio Barahona alikuwa mtu wa mfalme wa Hispania, na miaka yake arobaini na moja ya utumishi aliimalizia yote kwenye ngome za mpakani, kando ya mto Biobío. Don Anselmo alikuwa kizazi chake cha saba. Hortensia, binamu yake mtawa aliyebaki Chile, alikuwa akipekua vitabu vya parokia na makabati ya serikali, akituma nakala kwa posta, furushi baada ya furushi. Elena ndiye aliyekuwa akizinakili kwa mkono. Alipofariki kazi ikasimama. Sasa Pilar, aliyekuwa akiishi Vancouver na aliyehangaika miaka mingi kupata mtoto, alikuwa mjamzito, na mzee alitaka kitabu kiwe tayari, chenye chati ya ukoo mbele, kwa Kiingereza, kwa sababu alijua mjukuu wake Kihispania atakisikia na kujibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa hapa. Yeye alisoma na kufasiri, mimi nikaandika.

Nilimjua luteni yule kuliko nilivyowajua majirani zetu. Aliandikishwa na miaka kumi na sita kuwa mpiga ngoma. Akawa askari wa kawaida, koplo, kisha sajini kwa muda mrefu mno, na uluteni ukamfikia mgongo ukiwa umeshainama. Walizingirwa ngomeni majira mazima ya baridi wakachemsha mikanda yao ya ngozi wakala. Alichomwa mkuki pajani. Aliandika barua kwa mfalme kuomba kiinua mgongo, akaandika tena, akaandika ya tatu kuomba mwanawe mkubwa apokelewe jeshini badala yake. Kila baada ya muda kamanda wake alijaza karatasi ya utumishi, na kwenye ukingo aliweka maoni yake kwa kifupi: ushujaa, unajulikana; bidii, ya kutosha; akili, kidogo; mwenendo, mzuri; hali, ameoa. Don Anselmo alipofika kwenye neno akili alicheka hadi akavua miwani. "Makamanda watano!" akasema akijifuta macho. "Watano, na kila mmoja akaandika lile lile. Angalau kuna jambo ambalo jeshi lile lilikubaliana."

Mimi sikuwa nacheka sana. Kwetu pia walikuja watu wa namna hiyo, na wajukuu wao wangali na mashamba. Siku moja nilishindwa kujizuia. "Don Anselmo, huyu mtu wako alikuwa analinda nini hasa?"

"Ardhi ya watu wengine," akajibu papo hapo. "Mto ulikuwa wa Wamapuche. Sisi tulikuja tukajenga ngome."

"Basi unamtafutia nini? Na askari wenyewe wamekutesa?"

Alipaka parachichi kwenye mkate taratibu, nusu likaanguka mezani kwa sababu ya mikono ile, na sikumsaidia kwa sababu hakupenda kusaidiwa. "Nimewachukia askari miaka thelathini na miwili, Wambui. Nimechoka. Nataka mmoja tu, awe wangu, nijue alikuwa mtoto wa nani na nani alimpeleka kupiga ngoma akiwa na miaka kumi na sita. Mtu nikishamjua baba yake, kumchukia kunanishinda."

Na hapo ndipo palipokuwa na tundu. Kitabu cha ndoa cha parokia kilisema Eusebio Barahona, mwana halali wa, kisha wadudu walikuwa wamekula karatasi. Upande wa bibi harusi ulikuwa mzima: binti wa Mateo Sanhueza. Upande wa bwana harusi, jina la baba lilikuwa limeliwa lote, likabaki shimo jeusi kwenye nakala. Elena alilitafuta hadi akafa. Don Anselmo aliliweka shimo lile mbele yake karibu kila siku, akalisogeza dirishani, akalipindua, kana kwamba mwanga wa Toronto ungefanya kile ambacho wa Chile ulishindwa. Kwenye chati, juu ya luteni, Elena alikuwa amechora kisanduku kwa penseli akakiacha. "Mtu hawezi kuanzia hewani," mzee alikuwa akisema.

Mwezi wa Mei alipasuliwa macho, kwanza moja, kisha la pili, na kwa wiki kadhaa akakatazwa kusoma. Alikaa chumbani na pazia limefungwa, akisikiliza redio ya Kihispania, akiniita kuniuliza nimefika wapi. Furushi jipya la Hortensia lilifika katika siku hizo. Mimi nilikuwa nimeachiwa kuandika chati safi, kwa wino, karatasi kubwa niliyoinunua mwenyewe. Nikaandika watoto wa luteni kama walivyobatizwa: wa kwanza Lorenzo, wa pili Mateo, kisha wasichana. Nikamwona Mateo wa pili, nikamkumbuka Mateo baba wa bibi harusi, nikatabasamu, kwa sababu sasa kila kitu kilikuwa wazi. Kwetu Wakikuyu kijana wa kwanza huitwa jina la baba wa mume, wa pili jina la baba wa mke. Hakuna anayeketi kuamua. Mimi ni Wambui kwa kuwa mamake baba ni Wambui, na ungeniuliza nyanyangu aliitwa nani ningekushangaa, maana umeshaniita. Ikiwa mtoto wa pili alikuwa Mateo wa babu yake mzaa mama, basi wa kwanza ni Lorenzo wa babu yake mzaa baba. Nikachovya kalamu nikajaza kisanduku cha Elena: Lorenzo Barahona. Siku hizi mtu akiniletea karatasi iliyoliwa, naandika pembeni kwamba haisomeki, na wenzangu wadogo ofisini hunicheka kwa jinsi ninavyosisitiza. Hawajui nilikotoka.

Siku alipofunguliwa macho aliketi mezani na tai yake, akaisogeza chati puani, akaanza kusoma kutoka chini kwenda juu. Alijitaja mwenyewe, akamtaja baba yake, babu yake fundi cherehani, akapanda hivyo hivyo hadi kwa luteni, kisha akafika kwenye kisanduku. Nilikuwa natazama sufuria. Nilipogeuka alikuwa analia bila kujificha, machozi kwenye macho yale mapya ambayo daktari alisema yasiloweshwe. "Lorenzo," akasema. "Lorenzo. Umempata kwenye furushi la mwisho?" Na kabla sijafungua kinywa alinishika mikono yote miwili akaibusu, akasema Elena angenipenda. Hapo ndipo nilipoelewa, kwa mara ya kwanza, kwamba yeye anaongea juu ya karatasi na mimi sina karatasi. Ningesema. Sentensi moja tu ingetosha. Niliitikia kwa kichwa.

Nilijipa hadi kesho yake. Kesho yake nilipofika nilimkuta kwenye simu, amewasha spika, sauti ya Pilar imejaa jikoni, baba na binti wakikatizana kwa Kihispania hadi nikahisi niko sokoni. Nilisikia Lorenzo mara tatu, mara nne. Mtoto wake alikuwa wa kiume, karibu kuzaliwa, na hawakuwa wameafikiana jina. Mzee alifunika simu kwa kiganja akaniambia, uso wake wote unang'aa: "Pilar anasema jina amekwisha kulipata." Ikawa Juni, mtoto akazaliwa, akabatizwa, na picha yake ikawekwa kando ya ile ya Elena. Lorenzo. Mnene, hana nywele, amekunja ngumi. Kila nilipoingia nilimkuta ananitazama.

Nilimweleza Njeri nikitegemea anikemee, nijisikie vizuri. Akaacha kuvua viatu vyake vya kazini, akanitazama kama mtu asiyeelewa swali. "Kwani shida iko wapi? Firstborn angeitwa nani sasa?" Nikamwambia Waspanyola huenda hawana desturi hiyo. "Hawana?" akauliza, amechukizwa kweli. "So huwa wanaokota tu majina barabarani?" Nilicheka, na kicheko hakikunisaidia. Niliendelea kupanda ghorofa ya kumi na moja, kuandika, kula maharagwe ya Jumatano, na kila mzee aliponisifu kwa wageni, huyu ndiye aliyempata Lorenzo, niligeuka nikaosha vikombe. Kilichonitisha si kufukuzwa kazi. Nilikuwa nampenda, na nilijua anachopenda kwangu ni mtu mwenye macho makini, mtu ambaye mimi siye. Miezi sita nilikaa hivyo. Sijivunii.

Desemba ikaleta barua ya Hortensia. Don Anselmo aliisoma mwenyewe kwa sauti. Mtawa alikuwa amekasirika kwa upole wa kitawa: amerudia vitabu vyote vya parokia, Lorenzo Barahona wa zamani hayumo, na je, wangemwambia yuko kitabu gani na ukurasa gani, maana yeye ndiye aliyetuma kila nakala na anaanza kuona kama amezeeka akili. Mzee alinisogezea karatasi na kalamu. "Mjibu," akasema kwa furaha. "Mwonyeshe macho ya vijana." Akasubiri.

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, na ulikuwa mzuri: nakala moja ilipotea nilipohamisha makaratasi, macho yake yakiwa bado yamefungwa. Angeamini. Hortensia angejilaumu hadi kaburini kwa ukurasa ambao haukuwepo. Nilifikiria yule mama mzee akipekua vitabu mara ya tatu kwenye vumbi, nikapiga moyo konde. "Hayumo kwenye kitabu chochote," nikasema.

"Hukumwona popote?"

"Popote."

"Ulimtunga."

"Sikumtunga, Don Anselmo. Nilimjua." Nikamweleza desturi yetu, Mateo na Mateo, wa kwanza na wa pili, nyanyangu na mimi. Nilieleza haraka haraka, nalia, naye alinisikiliza kwa uso wa mwalimu anayesikiliza mtoto aliyechelewa shule. Nilipomaliza aliuliza jambo moja: nilijua tangu lini kwamba yeye haelewi hivyo. Nikasema tangu siku ile aliponibusu mikono. Aliinuka akaenda kusimama mbele ya picha ya mtoto, amenipa mgongo. "Mjukuu wangu amebeba jina la mtu ambaye hatujui kama alikuwepo," akasema. Kisha: "Rudi nyumbani, Wambui." Ilikuwa saa kumi. Chai ilikuwa bado.

Wiki tatu sikupanda. Nilipita ngazi ili nisikutane naye kwenye lifti, nikafanya mitihani yangu nikiwa kama nimelewa, nikaota shimo la karatasi. Jumatano ya tatu Njeri alichoka. Alijaza kontena githeri, akapanda mwenyewe na sare yake ya ghala, akakaa huko nusu saa. Nilimngojea mlangoni roho juu. "Amekula," akasema. "Hajaongea, lakini amekula. Nimemwambia na mimi ni Njeri wa nyanya wetu wa upande ule mwingine, hakuna kitu tumebuni. Nimemwambia tena kunyamaza ndio kosa lako, na hapo sikutetei." Hapo ndipo nilipolia vizuri, kwa sababu alikuwa amesema kweli zote mbili.

Siku mbili baadaye mlango wetu uligongwa. Don Anselmo alikuwa amesimama kwenye korido na koti na tai, chati imekunjwa kwapani, anahema: lifti ilikuwa imeharibika, ameshuka ngazi ghorofa saba. Alikataa kuketi kwenye kochi, akachagua kiti kigumu. Aliitandaza chati juu ya meza yetu, katikati ya chupa ya pilipili na vitabu vyangu.

"Nimemwandikia Hortensia," akasema. "Nimemwambia akili yake ni nzima. Utaiandika chati upya. Juu ya luteni pabaki wazi."

"Ndiyo, Mzee." Sikuwahi kumwita hivyo kabla; lilinitoka tu.

"Wazi kabisa. Hata penseli usiweke."

"Ndiyo."

"Huenda uko sahihi. Hata kwetu wako waliofanya hivyo. Wengine." Alilainisha kona ya karatasi kwa kiganja, nayo ikajikunja tena. "Lakini mimi ni mwalimu. 'Huenda' si jibu."

Nikaitikia. Kisha nikauliza lile nililokuwa naliogopa wiki tatu, nikiweka kidole chini kabisa mwa chati, kwenye mstari wa mwisho, kwenye jina la mtoto mnene asiye na nywele. "Na hapa?"

Njeri alikuwa amezima maji jikoni ili asikie vizuri. "Nilimpigia Pilar jana," mzee akasema. "Nimemwambia yote. Nimemwambia jina lile hatuwezi kulithibitisha, kwamba mtoto bado mdogo, wabadilishe, nitapanda ndege niende mwenyewe kuzungumza na padri. Nimemwomba msamaha, kwa niaba yangu na yako." Alinitazama, na macho yake yalikuwa ya yule yule wa zamani, wa mkate na parachichi. "Amekataa."

"Kwa nini?"

"Anasema tumechelewa. Anasema akimwita Lorenzo, sasa mtoto anageuka."